Maziwa ya Kufukuza Zebaki

Asteria binti Maige alikuwa na kasoro moja tu, na waliomjua waliijua wote, tangu kijijini kwao karibu na Kolandoto alikozaliwa hadi machimboni Geita alikoolewa. Akishashika neno, haliachi. Tabia hiyo ilimfaa sana katika biashara yake ya wali na maharage, kwani hakuna mchimbaji aliyewahi kumbembeleza mpaka akaongezewa nyama ya bure. Lakini tabia hiyohiyo nusura imuue mwanawe.

Mtoto mwenyewe aliitwa Ritha, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Tangu udogo wake alikuwa mtu wa kusinzia. Wenzake wakicheza rede, yeye amekaa kivulini, kichwa kimeinama. Zilikuwapo siku za kuwa mzima, mcheshi, mwenye maneno mengi. Na zilikuwapo siku, hasa baada ya sikukuu, ambazo alikuwa hajijui hajitambui. Siku hizo alimwita mama yake "mwalimu". Alivaa viatu mikononi. Ukimwambia anyooshe mikono mbele, viganja vilipigapiga kana kwamba anafukuza nzi. Zahanati moja ya hukohuko ilimtibu malaria, ikamtibu minyoo, kisha ikamtibu malaria tena.

Baba yake, Donatus, alifanya kazi mwaloni, pale ambapo mawe yaliyosagwa huoshwa ili kupata dhahabu. Sehemu yake ilikuwa ya mwishomwisho: kuchanganya tope na zebaki, kukamua kwenye kitambaa mpaka kibaki kidonge cheupe, kisha kukichoma ili zebaki iondoke kwa moshi na dhahabu ibaki. Siku za mvua alikichomea nyumbani, kwenye jiko la mkaa, mlangoni pa chumba walicholala. Wengi walifanya hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Siku moja wakaja watu wa semina, wakakusanya akina mama chini ya turubai na kuwaeleza ubaya wa zebaki. Inatetemesha mikono, wakasema. Inaharibu ubongo wa mtoto. Mtoto anachelewa shuleni, anapotewa na maneno, analala hovyo. Asteria alikuwa amekaa nyuma na sufuria zake, na kila walilolitaja alimwona Ritha. Hakungoja soda. Alitoka moja kwa moja hadi mwaloni, akamkuta Donatus amechutama na beseni lake katikati ya wenzake.

"Umemuua mwanao kwa mikono yako," akamwambia. "Mikono hiyohiyo unayomshikia."

Akaendelea kwa muda mrefu, na Asteria si mtu wa sauti ndogo. Alimwaga mtama penye kuku wengi, na kabla jua halijazama hapakuwa na mtu machimboni asiyejua kwamba Donatus anamlisha mwanawe sumu. Donatus hakujitetea hata kwa neno moja. Alitazama viganja vyake, na tangu saa ile aliamini. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, ingawa Asteria hakuliona, kwa sababu hasira ilikuwa imemjaa mpaka machoni.

Kesho yake alipanda basi na mtoto, wakapitia Kahama, wakaenda Shinyanga kwa baba yake.

Mzee Maige alikuwa mfugaji, na kwake kila ugonjwa ulitokana na kupungukiwa kitu fulani kinachotoka kwa ng'ombe. Alipoambiwa kuhusu zebaki hakubabaika.

"Mayu, mama yangu, sumu inafukuzwa na maziwa," akamwambia binti yake. "Wachimbaji wenyewe wakitoka shimoni na vumbi kifuani wanakunywa nini? Mnyweshe maziwa huyu mpaka atokwe na hiyo takataka."

Hilo halikuwa jambo geni kwa Asteria. Machimboni kila mtu alilijua. Hata Donatus akimaliza kuchoma alikuwa akipitia kwenye genge kunywa maziwa. Basi Ritha alinyweshwa maziwa asubuhi, mchana na jioni, akachinjiwa kuku wa mgonjwa, akachemshiwa supu ya mifupa. Naye badala ya kunyanyuka alizama. Akawa analala kutwa nzima, na akiamka anatukana, yeye ambaye hakuwa na matusi.

"Sumu inatoka hiyo," mzee akasema. "Ikitoka lazima imsumbue."

Hoja ya namna hiyo haishindiki. Mtoto akipata nafuu, maziwa yamefanya kazi. Akizidiwa, yanafanya kazi zaidi. Wakaongeza maziwa, mpaka asubuhi moja Asteria alipomtikisa mwanawe na mwanawe akafumbua macho bila kumwona. Mzee Maige alimfunga mjukuu mgongoni mwa mama yake kwa kanga mbili, akawapakia kwenye baiskeli yake, akakanyaga hadi hospitali ya misheni bila kupumzika njiani.

Daktari aliyewapokea aliitwa Raudha. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye hijabu ya kijivu, mzaliwa wa Kambarage pale Shinyanga mjini. Asteria alimtazama akaona huyu ni mtoto wa mjini ambaye hajawahi kuiona zebaki hata kwa mbali. Akamweleza yote: beseni, jiko la mkaa, mlango, moshi. Daktari Raudha alisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkojo wa mtoto kuupeleka kupimwa zebaki, kisha akauliza swali ambalo Asteria aliliona la kijinga.

"Huwa anakula nini kabla ya kuwa hivi?"

"Anakula vizuri, daktari. Nyama, maziwa, kuku. Simnyimi kitu."

"Na siku ambazo yuko sawa?"

Asteria akafikiri. Siku za kuwa sawa zilikuwa siku za kawaida, za ugali na mlenda, au viazi. Alisema hivyo, na daktari akaagiza mtoto alazwe.

Majibu ya zebaki yalikuja: ilikuwamo kidogo, kama ilivyo kwa watu wengi wa machimboni, lakini si ya kumfikisha hapo. Daktari Raudha akamlaza Ritha kwenye mashine ya altrasaundi, ile inayoonyesha damu kwa rangi, nyekundu na bluu, akapitisha kifaa ubavuni mwa mtoto taratibu, akarudia, akarudia tena. Mwishowe akamwita Asteria aangalie kioo. Asteria aliona mawingu tu.

"Mama Ritha, umewahi kuona malori yanayokwepa mizani?"

"Nimeyaona. Yanapitia vichakani."

"Sasa chakula tunachokula kikishaingia kwenye damu, damu yote ya tumbo inatakiwa ipite kwenye ini kwanza. Ini ndiyo mizani. Linakagua, linaondoa uchafu, ndipo damu iende kwenye moyo na kichwani. Mtoto akiwa tumboni mwa mama yake kuna njia ya mkato inayopita kando, kwa sababu wakati ule wewe ndiye unayemsafishia damu. Akizaliwa, njia ile inajifunga yenyewe. Ya Ritha haikujifunga. Imebaki wazi, tena imekuwa pana. Akila nyama au maziwa, uchafu wake unakwenda moja kwa moja kichwani."

"Kwa hiyo amezaliwa nayo."

"Amezaliwa nayo. Ni nadra sana. Mimi mwenyewe nimeisoma tu, sijawahi kuiona."

"Siyo zebaki."

"Zebaki ni mbaya, na mlangoni pa nyumba haifai kuchomwa. Lakini huyu hakuugua kwa zebaki."

Asteria akaitikia kwa kichwa, na moyoni hakukubali hata chembe. Kwanza daktari mwenyewe kakiri hajawahi kuuona ugonjwa huo. Pili, kama si zebaki, basi yale maneno aliyoyasema mwaloni mbele ya watu yalikuwa nini? Alikuwa amemvua mume wake nguo hadharani, akamnyang'anya mtoto, akamwacha na jina la muuaji. Mtu hawezi kuwa amefanya hayo yote bure. Kwa hiyo haikuwa bure, kwa hiyo ilikuwa zebaki, na Asteria akalala usingizi wake.

Ritha aliwekwa kwenye uji mwepesi, viazi na matunda, pamoja na dawa ya maji, tamu kama asali, iliyomfanya aende choo mara kwa mara. Nyama, maziwa, mayai na dagaa vikapigwa marufuku. Wakapelekwa Mwanza kwa picha kubwa zaidi, na picha ikasema vilevile, wakarudi. Daktari Raudha akazungumza kwa simu na mabingwa Dar es Salaam. Inawezekana kuiziba ile njia, walimwambia, bila hata kumpasua mtoto: wanapitisha waya mwembamba ndani ya mshipa wa shingo mpaka kwenye njia ya mkato, wanaweka kizibo. Ila walitoa sharti. Lazima mtoto atulie kwanza kwa chakula na dawa. Akizidiwa hali anafuata masharti, maana yake ini lenyewe limekufa, na ukiziba njia ya pembeni damu itakosa pa kupita. Hapo kumtibu ni kumuua.

Sharti hilo Asteria alielezwa kwa Kiswahili, na mzee Maige akaelezewa tena kwa Kisukuma. Wote wawili walisema wameelewa.

Basi Ritha alianza kuamka. Alikula viazi vyake, akacheka na mtoto wa kitanda cha pili, akaimba. Lakini alikonda, na mama yake alizihesabu mbavu kwa macho na kuumia. Mzee Maige alikuwa anakuja kila asubuhi na baiskeli yake, na chini ya mfuko wa viazi kuna chupa ya chai isiyo na chai.

"Wanamuua kwa njaa," alisema kwa sauti ya chini. "Mpe kidogo. Kidogo kitamdhuru nini?"

Asteria akampa kidogo, nesi akiwa upande wa pili wa wodi. Siku ile Ritha alikuwa mchangamfu kwa sababu ya viazi na dawa, lakini mama yake aliona ni kwa sababu ya maziwa. Kesho yake akampa kikombe. Keshokutwa yake akampa chupa nzima, kwa siri na kwa furaha, kama mtu aliyegundua dhahabu mahali ambapo wataalamu wamepita wasiione.

Ilikuwa imebaki siku moja wasafiri. Asubuhi, nesi alipokuja kumpa Ritha dawa, mtoto hakumeza. Dawa ilitiririka shavuni. Wakamwita, wakamfinya, wakamwita tena, naye alipumua tu, pumzi nzito yenye harufu ya kitu kilichooza. Daktari Raudha alikuja anakimbia. Alimpima, akamwekea mpira puani wa kupitishia dawa, akasimama pale na mikono kiunoni, na Asteria kwa mara ya kwanza alimwona ameogopa.

"Baba yake yuko wapi?" daktari akauliza. "Namtaka na yeye."

Baba yake alikuwa palepale nje. Alikuwa amekuja tangu wiki iliyopita, akapanga chumba Kambarage, na kila siku alisimama dirishani mwa wodi kwa sababu Asteria alikuwa amemkataza asikaribie kitanda. Manesi walimdhania kichaa, kwa jinsi alivyokuwa akinawa mikono bombani, ananawa na sabuni ya unga mpaka ngozi inapasuka. Waliingia wote ofisini: Donatus, Asteria na mzee Maige.

"Nitawaambia ukweli," daktari akasema. "Ritha amekuwa kwenye chakula chetu na dawa yetu, na hata hivyo ameanguka. Hiyo ina maana moja. Ini limeshindwa. Nitapiga simu Dar sasa hivi niwaambie wasitungojee."

Asteria alifungua mdomo, lakini kabla hajasema neno, Donatus alisimama.

"Daktari, ni mimi," akasema.

"Wewe umefanya nini?"

"Jana Mama Ritha alipokwenda kufua, niliingia. Nilikaa pale kitandani nikamshika mkono. Nilikuwa nimenawa, lakini ile kitu haitoki. Inakaa kwenye kucha, kwenye nguo. Nilijua, na bado nikamshika. Niandikie mimi hilo kosa, ila usikate safari ya mtoto."

Daktari akamtazama kwa huruma. "Baba Ritha, kumshika mwanao hakuwezi kumfanya hivi."

"Basi ni nini?" Donatus akauliza, na alikuwa anauliza kwa dhati.

Mzee Maige alitazama kofia yake. Asteria aliona wazi kabisa mahali alipofika: akinyamaza, hakuna atakayejua. Chupa ni ya chai, kila mgonjwa ana chupa. Mwanamume yule atarudi Geita akiamini ameua mtoto mara ya pili, na watu watamsadiki, kwa kuwa kazi ya kuwaaminisha ilishafanyika. Na mtoto atakufa kwa ugonjwa unaotibika. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua. Lakini hapa mfichaji alikuwa mmoja na wa kufa alikuwa mwingine. Alichukia kila mtu mle ndani kwa dakika moja, akaanza na daktari, akaishia kwake mwenyewe.

"Nimempa maziwa," akasema.

Daktari hakuinua sauti. "Kiasi gani?"

"Juzi kikombe. Jana chupa."

"Chupa kubwa?"

"Ya chai. Imejaa. Na leo asubuhi, kabla hamjaamka vizuri, kidogo."

"Ni mimi niliyeleta," mzee Maige akasema, lakini hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa sababu haikuwa yeye aliyeshika kikombe.

Daktari Raudha alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na hasira, na alikuwa na kitu kingine kinachofanana na matumaini. "Mama Ritha, ungenyamaza ningemfungia mwanao mlango," akasema, akachukua simu. Aliwaambia Dar kwamba ini halijashindwa, kwamba mtoto alilishwa, na kwamba akiamka watasafiri. Wakamwambia, akiamka.

Waliongeza dawa. Wakamsafisha tumbo. Asteria alikatazwa kumpa mtoto chochote kinachoingia mdomoni, naye hakubisha, jambo ambalo mzee Maige alisema hajawahi kuliona tangu amzae. Alikaa sakafuni kando ya kitanda, akasali rozari akipotea katikati na kuanza upya. Kesho yake adhuhuri Ritha alijikunja, akajikuna pua palipopita mpira, akasema kwa hasira kwamba unamwasha. Nesi alicheka kwa sauti. Asteria alitoka nje ya wodi, akajiegemeza ukutani, akalia mpaka akatapika.

Dar es Salaam bingwa aliwaeleza kwamba bado kuna mtihani mmoja. Ndani ya ini kuna vijia vya damu ambavyo havijawahi kutumika, kwa kuwa damu ilikuwa inapita pembeni. Kwa watoto wengine vijia hivyo havipo kabisa. Kwa hiyo kwanza wataiziba njia ya mkato kwa puto dogo, kwa muda, na kupima presha ya mshipa wa tumbo. Presha ikipanda sana, watalitoa puto na kumrudisha kama alivyokuja, na hapo litabaki suala la kupasuliwa, au ini la mtu mwingine. Isipopanda sana, wataweka kizibo cha kudumu.

Waliketi kwenye benchi moja nje ya chumba, mume huku na mke kule, na katikati yao mkoba wa nguo za mtoto. Mlango ulifunguliwa mara kadhaa na kila mara alitoka mtu wa kwenda kwingine. Asteria alijaribu kusali akashindwa, kwa sababu kila alipoanza alijikuta anamweleza Mungu jinsi ilivyokuwa, na nani alianza, na kwa nini. Akaona aibu, akanyamaza. Donatus alikuwa ameweka mikono chini ya mapaja, ameikalia.

Bingwa alipotoka alikuwa anavua kofia. "Njia zipo," akasema. "Nyembamba, lakini zipo. Presha ilipanda ikasimama pazuri. Tumeziba."

Zikafuata siku za kuangalia kama damu itaganda pabaya. Haikuganda. Kila walipompima damu, ule uchafu ulikuwa umepungua, na wakaanza kumrudishia chakula kidogo kidogo, dagaa kwanza, wakingoja waone usingizi. Usingizi haukuja. Ukaja utundu. Ritha alisoma kwa sauti kila kilichoandikwa ukutani, akamuuliza nesi kwa nini amechanika soksi, akamwambia mtoto wa jirani kwamba anadanganya kwenye mchezo, na kweli alikuwa anadanganya. Asteria alimtazama akaona hajawahi kukutana na mtu huyu. Kwa miaka yote ile alikuwa amelea usingizi wa mwanawe, na mwanawe mwenyewe ndiyo kwanza anafika.

Saa ya kuona wagonjwa Donatus alikuja kama kawaida, akasimama palepale pa kila siku, mlangoni mwa wodi, mikono nyuma. Ritha alimpungia. Naye akampungia kwa kichwa.

"Mama, mbona Baba haji hapa?"

"Amechoka safari," Asteria akasema.

"Safari gani? Anakuja kila siku." Mtoto alimkazia macho, macho meupe yasiyo na ukungu wowote. "Hata kule Shinyanga alikuwa dirishani. Nilikuwa namwona."

Asteria akakunja shuka, akalikunjua. "Ni kwa sababu nilimwambia ana sumu. Nilisema akikushika atakudhuru."

"Anayo?"

"Hana."

"Alikuwa nayo ikaisha?"

"Hakuwa nayo. Ulizaliwa unaumwa. Nilimsingizia."

Ritha akatafakari jambo hilo, akamtazama baba yake kule mlangoni, kisha akamgeukia tena mama yake.

"Umemwambia?"

Alikuwa hajamwambia. Kule ofisini alisema habari ya maziwa na akaishia hapo; kwenye benchi alikuwa na muda wote wa dunia, na hakusema. Akatafuta kandambili zake chini ya kitanda, akazikosa, akaenda mlangoni hivyohivyo pekupeku.